Linux Imeshafika Dodoma. Mafundi Wake Wako Wapi?

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita Kondoa, Chemba, Bahi, Kongwa na Mpwapwa wakiwa na vishikwambi mkononi badala ya mafungu ya madodoso. Majibu yaliyoingizwa kwenye kioo kaya kwa kaya yalitoa hesabu ya Watanzania 61,741,120, kati yao 3,085,625 wa mkoa wa Dodoma. Kazi ilipokwisha, vishikwambi vikagawiwa walimu.

Mjadala wa wakati ule ulihusu chaji, mtandao na posho. Kilichokuwa kikiendesha vifaa vyenyewe hakikuzungumzwa sana. Vilikuwa vya Android, na chini ya Android kuna Linux: kiini cha mfumo endeshi kilichoandikwa hadharani, ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukisoma, kukibadili na kukisambaza. Kwa hiyo hoja kwamba Tanzania ifikirie kuanza kutumia mfumo endeshi huria imechelewa. Nchi inautumia tayari, na huenda makarani wale na walimu waliorithi vifaa vyao ndio kundi kubwa kuliko yote lililowahi kukabidhiwa mfumo huo na serikali. Swali lililobaki ni gumu zaidi: ni nani hapa nchini anayeweza kuufungua, akauelewa na kuutunza?

Mfumo endeshi ndiyo programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, na nyingine zote huuomba ruhusa. Moyo wake ni kiini. Kiini hufanya kazi inayofanana na ya msimamizi wa kisima cha kijiji wakati wa kiangazi: kinaamua nani achote sasa, nani asubiri, na nani amezidisha ndoo. Wanaogombea hapa ni programu, na kinachogawiwa ni muda wa kichakato, nafasi ya kumbukumbu, diski, kioo na waya wa mtandao. Juu ya kiini huja zana ndogo ndogo za kunakili faili, kutafuta na kupanga, kisha mazingira ya dirisha na vitufe ambayo mtumiaji huyaona. Kiini huria kinaweza pia kubebeshwa vitu vilivyofungwa. Android ndivyo ilivyo: chini Linux, lakini kwenye vifaa vingi vya dukani juu yake kuna programu za Google ambazo msimbo wake haujatolewa, na watengenezaji wengi hufunga kifaa ili mwenye nacho asiweze kuweka mfumo mwingine. Mwalimu wa Chamwino ana Linux mkononi, lakini uhuru wa Linux hana wote.

Uhuru huo una historia fupi. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mradi wa GNU wa kuandika mfumo kamili ambao watumiaji wake wangekuwa na haki nne: kuuendesha kwa shughuli yoyote, kuusoma na kuubadili, kuusambaza, na kusambaza hata kile walichokibadili. Zana nyingi zilipatikana, kiini kikachelewa. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaandika kiini chake kwa ajili ya kompyuta za kawaida za mezani, akakieleza kuwa ni cha kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GNU, inayomtaka kila anayesambaza toleo lililobadilishwa atoe pia msimbo wake. Sharti hilo moja ndilo lililowalazimisha washindani wa kibiashara kuchangia chungu kimoja. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Anahitaji mkusanyo: kiini, zana, mazingira ya dirisha, programu za ofisi na ghala la kupakua nyingine. Ian Murdock alianzisha mkusanyo wa Debian mwaka 1993. Juu ya Debian, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alijenga Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma CD bure kwa posta kwa kila aliyeomba, popote alipo. Mpango ule ulikoma mwaka 2011. Kwa Afrika Mashariki ulikuwa na maana ambayo mtu wa Ulaya asingeiona upesi. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, na kupakua megabaiti 700 kulikuwa mzigo wa siku nzima na wa fedha nyingi. Programu ilikuwa bure. Njia ya kuipata ndiyo iliyokuwa ghali. Hadi leo shule yenye kompyuta 30 inayopakua masasisho yale yale mara 30 itamaliza bando lake bila faida, ilhali kompyuta moja ingeweza kuyapakua mara moja na kuzigawia nyingine. Linux ina zana za kazi hiyo tangu zamani, nazo hazilipiwi.

Mfano wa Tanzania unaofundisha zaidi ni wa afya. Katika kila zahanati mhudumu hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Kwa miaka mingi jumla za mwezi zilisafiri kwa karatasi kutoka zahanati hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, mkoa hadi wizara. Tangu mwaka 2013, Tanzania Bara nzima imekuwa ikiingiza takwimu hizo katika DHIS2, mfumo wa wavuti unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiubeba mzigo wa kuurekebisha ufae mazingira ya hapa. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 70.

Ukoo wa mfumo huo ulianza Afrika Kusini mwaka 1994. Toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access, kwa hiyo lilifungwa kwenye Windows: kila ofisi na nakala yake, kila nakala na matatizo yake. Waandishi wa toleo la pili waliamua mfumo uweze kukaa juu ya mfumo endeshi wowote na hifadhidata huria. Miongozo yake ya usimikaji imeandikwa kwa seva za Ubuntu zenye hifadhidata ya PostgreSQL. Uamuzi huo wa kiufundi una uzito wa kibajeti. Leseni za seva na hifadhidata za kibiashara mara nyingi huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji au ya vichakato, na mfumo unaohudumia wilaya zote za nchi hukua kila mwaka. Kwa programu huria, kuongeza mtumiaji wa Kibaigwa au wa Manyoni hakuongezi senti kwenye ankara ya leseni. Kunaongeza kazi ya msimamizi wa seva, na hapo ndipo fedha iliyookolewa inapaswa kwenda.

Ukitoka chumba cha seva ukaenda mezani, hali inageuka. Katika steshenari zinazozunguka vyuo vya Dodoma, mtu anayepeleka kompyuta mpakato iliyogoma huambiwa "tuipige window", na mara nyingi inapigwa nakala isiyo na leseni halali, ikiamshwa kwa programu ndogo iliyopakuliwa kusikojulikana. Wengi wa watu hawa si wezi kwa nia. Leseni ya Windows 11 ya nyumbani inauzwa Marekani kwa dola 139. Kwa maabara ya kompyuta 30 hiyo ni dola 4,170 kabla ya programu za ofisi. Shule na vyuo hupata bei nafuu kwa mikataba ya elimu, lakini mwanafunzi anayenunua mashine iliyokwishatumika kwa fedha ya kuungaunga hana mkataba wowote. Anachopata ni mfumo ambao huenda usipokee masasisho ya usalama ipasavyo, ulioamshwa na programu ambayo kila mara inaweza kuwa imebeba virusi. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo atakayoingilia kwenye akaunti ya benki na ya chuo. Inasikitisha kuona gharama hiyo ikibebwa na watu wenye kipato kidogo wakati mbadala halali upo na haulipiwi.

Kwa nini basi hawauchukui? Jibu la kwamba hawaujui ni nusu tu. Mhasibu anayetumia Tally hana toleo lake la Linux. Mchora kadi za harusi anategemea Photoshop, na Adobe haijaitoa kwa Linux. Mchapishaji wa mitihani ana faili za miaka kumi za Microsoft Publisher. Printa nyingine hukubali mara moja, nyingine husumbua kwa wiki. Kubwa kuliko yote, fundi wa mtaani anaijua Windows na haijui Linux; kompyuta ikigoma saa mbili kabla ya kuwasilisha tasnifu, mwenye nayo atakwenda kwenye ujuzi uliopo karibu. Wapenzi wa programu huria wamezoea kuyapita mambo haya haraka, na hiyo ni sababu mojawapo ya wao kushindwa kuwashawishi wengine.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba njia ipo, na kwamba inaweza kupotea. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu za ofisi tu, likiwa bado kwenye Windows. Watumishi walipokwisha kuzoea, ndipo kuanzia 2008 mfumo endeshi wenyewe ukabadilishwa kuwa toleo lao la Ubuntu, ambalo leo liko kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likakamilisha sehemu kubwa ya kazi, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Linux ilikuwa ile ile. Uthabiti wa uongozi, na mpangilio wa idara zilizopaswa kuitunza, ndivyo vilivyotofautiana.

Kwa uwanda wa kati kuna sababu ya kulitazama jambo hili sasa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga muda wa kawaida wa masasisho ya bure ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakato ambavyo, kwa upande wa Intel, ni vya kizazi cha nane na kuendelea, yaani vya kuanzia miaka ya 2017 na 2018. Kompyuta nyingi za maofisini, mashuleni na za mitumba ni za kabla ya hapo. Bado zinawaka, zinaandika, zinafungua tovuti. Zikiwekwa mkusanyo mwepesi wa Linux wenye mazingira kama Xfce, kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inafanya kazi za darasani bila kulalamika na kuendelea kupata masasisho kwa miaka. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makao yake yapo Dodoma, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Mfuko kama huo ukiuliza mapema kila kompyuta itapokea masasisho hadi mwaka gani, na kwa gharama ya nani, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kuongeza mashine kumi kwenye orodha.

Umeme nao unaingia kwenye hesabu. Unapokatika ghafla, diski inaweza kuachwa katikati ya kuandika faili. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumiwa na mikusanyo mingi ya Linux, huweka kumbukumbu ya kile kinachokusudiwa kubadilishwa kabla ya kukibadilisha. Umeme ukirudi, unasoma kumbukumbu hiyo na kujisawazisha. Windows ina mbinu ya jinsi hiyo pia katika NTFS, kwa hiyo hapa hakuna mshindi wa kutangazwa. Pale ambapo umeme haupo kabisa ndipo tofauti inapoonekana. Kaskazini mwa uwanda huu, Karatu, shirika la Powering Potential lilianza na Shule ya Sekondari Banjika, na baadaye likawa linaweka kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Kompyuta hizo zinakula wati chache tu, zinaendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya Debian, na zinabeba maktaba ya masomo inayofunguka bila intaneti. Mpango wa aina hiyo ungekuwa mgumu kwa mfumo uliofungwa, kwa sababu wahusika walihitaji kupunguza hiki, kuongeza kile, na kunakili kadi moja mara nyingi wapendavyo.

Usalama ndio hoja inayozungumzwa kwa makosa mengi kuliko zote. Wapo wanaosema msimbo ulio wazi hauna siri, hivyo ni salama. Wengine wanasema uko wazi, hivyo wahalifu wanausoma. Tukio la Machi 2024 linawajibu wote wawili. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia PostgreSQL, hifadhidata ile ile iliyo chini ya DHIS2, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa mbali kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri ndani ya XZ, zana ndogo ya kubana faili iliyomo katika mikusanyo karibu yote ya Linux. Aliyeupenyeza alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu kwa mtunzaji mmoja aliyechoka, aliyekuwa akiibeba zana hiyo karibu peke yake bila malipo. Uwazi ndio uliomwezesha Freund kuchimba hadi mwisho. Uwazi huo huo haukumpa mtunzaji yule msaidizi hata mmoja wa kweli.

Kuna pia hatari ya kuegemea ukuta wa mwenzio. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, iliyotumiwa bure na seva nyingi duniani na kutarajiwa kudumu hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Wasimamizi wa seva walibaki na mwaka mmoja wa kuhama. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, watu wengine waliujenga upya, na ndani ya miezi michache AlmaLinux na Rocky Linux zilikuwa tayari. Taasisi yenye mtu wa kufuatilia habari hizo ilihama kwa utulivu. Isiyokuwa na mtu huyo iliachwa na seva isiyosasishwa, na huenda haikujua.

Tanzania iliwahi kulipa bei ya kukosa watu kama hao. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyotoka kampuni ya Uingereza. Jaribio la kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta lilitegemea wataalamu wa kigeni, likaenda mrama kwa gharama kubwa, na hesabu zikarudi kufanywa kwa mkono. Mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya Dodoma kuamuliwa kuwa makao makuu, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama woga wa teknolojia. Usomaji ulio wa haki zaidi ni kwamba nchi ilinunua mashine bila kununua uwezo wa kuitawala, ikaona hasara, ikafunga mlango.

Leo watu wanaweza kupatikana, na Dodoma ina nafasi ambayo miji michache ya ukanda huu inayo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina makao yake hapa. Wizara ziko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya sayansi ya kompyuta na elimu ya mtandaoni, CIVE. Na mfumo wa malipo ya serikali wa GePG, ulioanza 2017 na kumfanya kila Mtanzania aijue "control number", ulijengwa na wataalamu wa serikali wenyewe. Mfano huo unavunja dhana kwamba mfumo mkubwa lazima uagizwe nje.

Kinachokosekana ni daraja kati ya darasa na seva. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akiwa amejifunza amri za Linux kwa ajili ya mtihani tu, bila kuwahi kuripoti hitilafu moja kwa mradi unaotumika duniani wala kurekebisha mstari mmoja wa msimbo uliokubaliwa. Kazi hiyo haihitaji viza. Mradi wa mwaka wa mwisho ungeweza kupimwa kwa rekebisho lililopokelewa na DHIS2 au Debian, badala ya mfumo mwingine wa kusajili wageni unaoishia kwenye flashi. Zabuni za umma nazo zinaweza kudai kwamba sehemu ya fedha ya kila mfumo itengwe kwa watu wa ndani watakaousasisha kwa miaka mitano, na waandikwe kwa idadi na majukumu, kama vile seva zinavyoandikwa kwa idadi na uwezo.

Sehemu iliyo rahisi kuanza nayo ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice katika mradi wa Kilinux: programu za ofisi kwa Kiswahili, zikitanguliwa na kazi ndefu ya kuandaa istilahi. Haikuhitajika ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu leseni ilikuwa imeshaitoa. Mwaka 2010 OpenOffice iligawanyika na LibreOffice ikazaliwa, nayo bado ina Kiswahili cha Tanzania kwenye orodha ya lugha zake. Tafsiri ya programu haimalizwi mara moja. LibreOffice hutoa toleo kubwa jipya mara mbili kwa mwaka, na kila toleo huleta vitufe, onyo na maelezo mapya yanayobaki kwa Kiingereza mpaka mtu ayaandike. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa CIVE kwenye eneo moja, umbali wa kutembea kwa miguu.